Batri haikuwa na kosa



Katika namba ya mwezi wa pili ya gazeti letu hili, sisi makapita wanne wa internati tuliandika habari ya gari ya shule. Tuliandika kwamba batri mbili zimekufa katika muda wa mwaka mmoja, tukaongeza neno moja ambalo wengi wenu mulilicheka sana: kwamba batri za shule yetu "zinatembea usiku". Hatukutaja jina la mtu. Lakini kila mtu, tangu wa mwaka wa kwanza mpaka mama wa jikoni, alijua tunamsema nani.

Leo tunarudi juu ya neno lile. Tunaomba musome mpaka mwisho, hata ninyi ambao mambo ya magari hayawapendezi. Ndani yake mna mambo ya umeme na mna mambo ya watu, nasi wakati ule tulishindwa kuyatenganisha.

Gari yenyewe munaijua. Ni Land Cruiser ya mwaka 1976, ile ya FJ40, ya petroli, yenye silindiri sita. Ina umri kuliko walimu wetu wengi. Mlango wake wa nyuma unafungwa kwa kamba, na mvua ikinyesha anayekaa upande wa kuume analowa. Lakini ndiyo inayotuletea unga wa internati, ndiyo inayobeba chaki na madaftari, na usiku mtoto akishikwa na homa kali, ndiyo ambulansi yetu. Hospitali iko kilometre 38 toka hapa. Gari nyingine hakuna.

Batri ya kwanza ilikufa mwezi wa tano wa mwaka jana. Ilikauka maji ndani, mbavu zake zikavimba. Shule ikanunua nyingine mpya. Hiyo mpya haikuvimba, lakini tangu mwezi wa kumi ikawa inaishiwa nguvu. Asubuhi Papa Shofere anageuza kontake, demareri inalia tu "tik, tik", halafu kimya. Kengele inalia, wa mwaka wa tatu na wa nne wanaitwa kusukuma. Mulisukuma pamoja nasi, munakumbuka.

Papa Shofere alikuwa anasema neno moja tu kila mara: "Batri haina kosa." Tulimwuliza, "Papa, kama batri haina kosa, kosa ni la nani?" Akajibu, "Batri ni tumbo. Tumbo haipikake. Muangalie ule anayepika." Tukacheka. Tulifikiri anajificha nyuma ya mezali.

Kisha, usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, tulipokuwa tunazunguka dortuari kuzima taa, tuliona kwa dirisha mtu anayesukuma baiskeli kuelekea barabara ya soko. Nyuma ya baiskeli mulikuwa batri ya gari, imefungwa kwa kamba ya mpira. Tukamtambua kwa kofia yake. Kule sokoni kuna kibanda cha kujaza telefone umeme, chenye sahani za jua juu ya bati, na watu wanalipa hapo kila siku. Tukajumlisha wenyewe: batri ya shule, kibanda cha telefone, usiku. Tuliona hesabu imetoka sawa bila baki. Kumbe shofere anakodisha batri yetu kwa kijana wa telefone, ndiyo sababu asubuhi haina nguvu!

Hatukumwuliza Papa. Hatukwenda kibandani. Tulikaa etide ile ile, tukaandika barua kwa Bwana Prefe, tukatia sahihi wote wanne. Wiki mbili nyuma yake tukaandika na maneno yale ya kuchekesha katika gazeti.

Papa Shofere aliitwa. Tunajua sasa kwamba alijieleza, lakini wakati ule barua ilikuwa na sahihi nne na yeye alikuwa peke yake. Funguo za gari zikapewa Bwana Ekonomu, na nusu ya mshahara wake wa miezi miwili ikazuiliwa mpaka jambo lichunguzwe. Papa ana watoto sita. Wawili wanasoma hapa pamoja nasi.

Hayo ndiyo tuliyofanya. Sasa tueleze namna tulivyojua ukweli.

Mwezi wa tatu, usiku wa Alhamisi, mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alishikwa na malaria ya kichwa. Saa nne alikuwa anasema maneno yasiyo na maana. Saa tano akaanza kutetemeka mwili mzima. Bwana Ekonomu alileta funguo, lakini yeye mwenyewe hajui kuendesha. Mmoja wetu akakimbia kumwita Papa Shofere nyumbani kwake. Alikuja upesi, shati imefungwa kifungo kimoja. Hakutuangalia. Alisema tu, "Musukume."

Tulisukuma watu kama thelathini, mpaka njia ya mteremko, na motere ikawaka. Wawili wetu tukapanda pamoja na mgonjwa na mwalimu wa internati. Kwa kilometre za kwanza fare ziliona vizuri. Karibu na kilometre ya 12 zikaanza kuwa manjano, kisha nyekundu kama makaa ya mwisho ya jiko. Papa akazizima. Akasema, "Taa ao motere. Zote mbili batri haiweze." Basi sisi wawili tukakaa juu ya gadi-bu za mbele, kila mmoja na tochi yake, tukimwonyesha mashimo. Gari ikaenda pole pole hivyo, kwa maana motere ya petroli inahitaji umeme wa kuwasha moto ndani ya silindiri, na umeme ule ulikuwa unatoka katika batri tu, bila kitu kinachourudisha.

Kilometre ya 31 ikazimika kabisa. Papa Shofere alishuka, akamchukua mtoto mgongoni kama mama, akaanza kutembea. Tulipokezana kwa kilometre saba zilizobaki. Tulifika saa kumi ya usiku. Walimtia maji ya dawa katika mshipa, na asubuhi akafungua macho akauliza kwa nini yuko pale. Leo anacheza mpira, munamwona. Lakini mganga alituambia bila kutupendelea kwamba tulichelewa, na kwamba si kila mtoto anayechelewa hivyo anapona.

Kesho yake gari ilivutwa mpaka shuleni. Bwana Ekonomu akatutuma sisi makapita kupeleka batri kujazwa umeme katika kile kibanda cha sokoni. Kijana wa kibanda akaipokea, akafungua daftari yake, akauliza, "Niandike kwa jina la Papa Shofere, kama kawaida?" Tukaomba kuona daftari. Tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa pili, jina lake lilikuwa limeandikwa mara 11. Kila mstari: "batri ya masomo, kujaza", na mbele yake pesa, na neno "amelipa". Amelipa yeye, katika mfuko wake, ili asubuhi gari iwake. Alikuwa anaipeleka usiku kwa sababu mchana gari ina kazi.

Tulisimama pale kwa muda. Hatukuwa na neno la kusemezana. Tulirudi na batri, tukaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa fizikia, tukamwambia yote, hata habari ya barua.

Mwalimu hakutuhubiri. Alichukua multimetre ya laboratwari, akasema, "Sasa tupime. Hii hesabu yenu ilikosa kipimo." Akamwita na Papa Shofere, nasi tukasimama pembeni tukiwa na aibu.

Kipimo cha kwanza: batri imejaa, motere imezimwa. Multimetre ikaandika voliti 12,6. Hiyo ni sawa, kwa maana batri ya voliti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kikijaa kinatoa karibu voliti 2,1.

Kipimo cha pili: tuliacha batri imefungwa katika gari usiku kucha. Asubuhi ikasoma 12,5. Basi hakuna kitu kilichoinyonya usiku, wala haikutembea popote.

Kipimo cha tatu: motere inawaka. Hapo voliti zinapaswa kupanda mpaka kati ya 13,8 na 14,4, kwa sababu alternateri inatakiwa kulisha batri. Zetu hazikupanda. Zilikuwa 12,2, na fare zikiwashwa, 11,7. Gari yote ilikuwa inakula akiba, hakuna anayelima.

Papa Shofere akasema kwa sauti ndogo, "Ni ile kisanduku." Akaonyesha kisanduku cheusi kilichofungwa kwa bulo mbili juu ya bati, ndani ya kapo. Ndiyo regilateri. Mwalimu akakigonga polepole kwa mpini wa turnevisi. Voliti zikaruka mpaka 14. Akagonga tena, zikapanda mpaka 15,8 zikabaki huko. Papa akazima motere mbio. Akasema, "Munaona? Siku ingine anatoa chakula ya kupasua tumbo, siku ingine anafunga jikoni. Batri ya kwanza alimulisha sana mpaka ikavimba. Ya pili anaiuwa na njaa."

Maneno yale ya tumbo na mpishi, ambayo tuliyacheka, yalikuwa fizikia sawasawa.

Mwalimu alitueleza hivi, nasi tunaandika kwa ajili ya wale ambao bado hawajafika kwenye somo hilo. Tangu Michael Faraday aonyeshe mwaka 1831 kwamba sumaku inayotembea karibu na nyuzi za shaba inazaa umeme, mashini zote za namna hii zinafuata njia ile. Magari ya zamani yalikuwa na dinamo. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka alternateri katika gari yake ya Valiant kuwa kitu cha kawaida, na wengine wakafuata. Ndani ya alternateri kuna kiini kinachozunguka kwa nguvu ya kurua. Kiini hicho ni sumaku, lakini sumaku ya umeme: kinapata nguvu kwa umeme mdogo unaopita katika sharbo mbili. Ukikipa umeme mwingi, sumaku inakuwa kali na alternateri inatoa mengi. Ukikipa kidogo, inatoa machache. Kazi ya regilateri ni kupima voliti na kuamua ni umeme kiasi gani upewe kiini. Basi.

Katika kisanduku cha zamani kazi hiyo inafanywa na ulimi mdogo wa chuma unaovutwa na koili. Voliti zikipanda, koili inavuta ulimi, mlango unafungwa kidogo. Zikishuka, ulimi unarudi. Unafanya hivyo mara nyingi sana katika kila sekunde. Nyuma ya miaka zaidi ya arobaini, vumbi na cheche zimekula zile ncha. Papa Shofere alituonyesha kipande cha karatasi ya msasa katika sanduku lake la vyombo: kwa miaka miwili amekuwa akizisugua ncha zile kila Jumapili jioni. Tena bulo za kisanduku zilikuwa na kutu, kwa hiyo masi yake, ni kusema njia yake ya kurudi kwa mwili wa gari, ilikuwa mbaya. Regilateri yenye masi mbaya inasoma voliti za uongo, na kwa voliti za uongo inatoa amri za uongo.

Tuliuliza kama tunaweza kununua kisanduku kingine kama kile. Papa alikuwa amekwisha kukitafuta Lubumbashi mara mbili bila kukipata. Lakini alternateri za miaka ya nyuma, ambazo regilateri yake iko ndani yake mwenyewe, ziko nyingi kwa wauza vipande. Wakati transista zilipokuja, watu waliweza kuifanya regilateri kuwa ndogo kama sanduku la kiberiti, isiyo na ulimi wa kutembea wala ncha za kuungua, wakaiingiza ndani ya alternateri. Kufikia mwaka 1973 General Motors ya Marekani ilikuwa inafanya hivyo katika magari yake mengi, na wengine vilevile.

Papa Shofere hakukubali upesi. Alisema, "Ile ya zamani ikigonjwa, minafungula kifuniko, minaona ugonjwa na macho yangu. Hii ya ndani ikigonjwa, itakuwa tu kama jiwe." Mwalimu akakubali kwamba hayo ni kweli. Akasema tutachunga ile ya zamani katika sanduku, na kwamba hata katika ile mpya regilateri na sharbo zinatoka kwa vise chache za mgongoni. Papa akafikiri, akasema, "Sawa. Tujaribu."

Pesa zilitoka wapi? Sisi wa mwaka wa nne tulikuwa na magunia matatu ya mahindi ya shamba letu, tuliyoyachunga kwa ajili ya sikukuu ya kumaliza masomo. Tuliyauza. Wengine katika darasa walinung'unika, wakisema kosa ni la makapita wanne. Walikuwa na haki. Lakini mwisho walikubali, nasi tunawashukuru hapa. Papa Shofere ndiye aliyekwenda Lubumbashi na kuchagua, alternateri ya mkono wa pili ya ampere 60. Ile ya zamani ilikuwa ya 40.

Kazi tuliifanya Jumamosi mbili. Tunaiandika kwa taratibu, labda siku moja itamsaidia mtu.

Kwanza kabisa, tulifungua kamba ya batri upande wa kutoa. Uzi mnene wa alternateri unatoka batri moja kwa moja na una nguvu wakati wote. Kle ikigusa pale na pale kwenye bati, unaweza kuungua.

Pili, tulitosha alternateri ya zamani na kuweka mpya. Mguu wa chini ulikubali. Wa juu ulitaka rondele mbili. Puli ya ile mpya ilikuwa ya kurua pana yenye mistari mingi, na kurua yetu ni nyembamba ya umbo la V, kwa hiyo tulihamisha puli ya zamani. Papa aliweka rula ndefu juu ya puli zote kuona kama zinasimama mstari mmoja. Puli ikienda upande, kurua inaliwa.

Tatu, nyuzi. Hapa ndipo kazi yenyewe. Soketi ya kisanduku cha zamani ina miguu sita: B, IG, L, F, N na E. Tatu za mwisho zinakwenda kwa alternateri. Alternateri mpya inataka nyuzi tatu ndogo tu: IG, inayoiamsha wakati kontake imefunguliwa, L, ya taa nyekundu ya kuonya, na S, inayokwenda kupima batri. Basi hatukuvuta nyuzi mpya tatu. Tulitumia zile zile tatu zilizokuwa njiani, tukaunganisha pale kisanduku kilipokaa: IG kwa moja, L kwa ya pili, na B kwa ya tatu ili iwe S. Kisanduku hakina kazi tena.

Mmoja wetu alitaka kuunganisha kwa kufuata rangi. Mwalimu akasema, "Vuta mkono. Pima kwanza." Tukapima. Uzi ambao una voliti 12 wakati wote, ndio B. Uzi wenye voliti kontake ikiwa wazi, na sifuri ikifungwa, ndio IG. Tukaona kwamba rangi mbili zilikuwa zimebadilishana, kazi ya fundi fulani wa zamani. Kama tungefuata rangi, tungeunguza regilateri ile ya ndani kabla haijafanya kazi hata dakika moja.

Nne, uzi mnene. Wa zamani ulitosha kwa ampere 40, si kwa 60. Tuliweka mnene zaidi toka alternateri mpaka batri, na fuzibli kubwa katikati. Tangu hapo sindano ya ampere katika tablo haisemi tena kweli yote, kwa hiyo tumeweka kipimo kidogo cha voliti pembeni yake. Taa nyekundu haikuwapo. Tuliweka ampule ndogo ya voliti 12.

Tano, masi. Motere inakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Tulisugua rangi na kutu, tukafunga utepe wa shaba toka motere mpaka mwili wa gari.

Papa Shofere akakaa mahali pake. Akageuza kontake: taa nyekundu ikawaka, ndivyo inavyotakiwa. Akaanzisha motere: ikazimika, ndivyo vilevile. Multimetre ikaandika 13,9. Akakanyaga kidogo: 14,2. Tukawasha fare zote mbili: 14,0, ikasimama pale. Tulingoja tuone kama itapanda. Haikupanda. Papa akazima, akafunga kapo, akapangusa mikono. Alisema, "Amepata mpishi."

Onyo moja tulilopewa, mulichunge: motere ikiwaka, usifungue kamba ya batri hata kidogo, wala usigeuze kutia na kutoa. Ndani ya alternateri kuna diodi zinazogeuza umeme uende upande mmoja, na zinakufa mara moja.

Ilikuwa jioni, tunakusanya vyombo, tulipomwuliza mwalimu swali lililobaki. Kama regilateri iko ndani ya alternateri, kwa nini bado inahitaji ule uzi wa S unaokwenda mbali mpaka batri? Kwa nini isipime pale pale ilipo?

Akajibu kwamba pale ilipo voliti si zile zile. Njiani kuna uzi, kuna viungo, na kila kiungo kinakula kidogo. Regilateri ikipima mlangoni kwake, itafikiri batri imeshiba, kumbe bado ina njaa. Lazima ipime kwa mwenyewe anayekula.

Tulinyamaza, kwa maana tulijifahamu. Sisi tulipima kwa dirisha la dortuari. Tuliona baiskeli, batri na giza, na kila kitu tulichoona kilikuwa kweli, hata hivi hukumu ilikuwa ya uongo. Uzi wa kwenda mpaka kwa Papa Shofere mwenyewe hatukuuvuta. Ungekuwa mfupi: kutoka dortuari mpaka nyumba yake ni dakika nne.

Jumatatu tulisimama wanne mbele ya bendera, mbele yenu wote, tukasema tuliyosema. Bwana Prefe alirudisha funguo na ile nusu ya mshahara, na shule ikamlipa zile mara 11 za kibanda kwa kufuata daftari la kijana. Papa Shofere alipoulizwa kama ana neno, alivua kofia akasema, "Sawa. Siku ya Posho mukuje tuoshe gari." Ikaisha hivyo. Tulikwenda, tukaiosha. Watoto wake wawili walikuja pia, na tulishindwa kuwaangalia usoni mpaka tulipofika kwenye magurudumu.

Tulisema kwa mdomo. Lakini neno la mwezi wa pili liliandikwa, nakala zake ziko katika nyumba zenu na nyingine zimefika mbali kuliko sauti yetu. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu katika karatasi ile ile, kwa wino ule ule.

Kwa wale watakaokuwa makapita mwaka ujao, tunaacha maneno mawili. La kwanza: batri ikikufa, usikimbilie kununua nyingine. Pima mara tatu, motere imezimwa, nyuma ya usiku mmoja, na motere ikiwaka. La pili: ukiwa na barua mkononi yenye jina la mtu, nenda kwanza kwake. Kapita ana filimbi na ana kalamu, na watu wanamwamini upesi. Ndiyo hatari yake.

Tumeandika "sisi" toka mwanzo, sababu sahihi zilikuwa nne. Lakini aliyeshika kalamu siku ile ndiye anayeishika leo.

Tuko karibu na Egzame ya Serikali. Mutuombee, nasi tunawatakia masomo mema.

Kapita mkubwa wa internati,
mwaka wa nne wa humanite, kwa niaba ya makapita wote.